Na Ziwani, Mmetafuta?

Wiki nzima swali la yule mvuvi wa Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, limenikaa kooni kama mwiba wa ngege.

Jumatatu aliniletea maabarani makohozi ya kupimwa, ya kumaliza mwezi wa pili wa dawa za TB. Amechoka na vidonge, amechoka na mkojo wa rangi ya chungwa. Nikataka kumtia moyo, nikamweleza nilichosoma: kwamba katika tope la Bahari ya Japani, mita 289 chini, wanasayansi walipata bakteria anayetoa abisomisini, kemikali inayozuia kijidudu cha TB kukua maabarani. Haijawa kidonge, nikasema, lakini msako unaendelea.

Akasikiliza, kichupa mkononi.

"Na hapa ziwani, daktari, mmetafuta?"

"Ziwa letu halina kina hicho," nikajibu, nikageukia rejista yangu.

"Sawa," akasema.

Sawa hiyo! Jumatano wageni wa mahari ya Achieng wakaja, wakala, wakaenda salama, na mimi nasugua sufuria nikiisikia. Mtu anayelijua tope la ziwa kwa nyayo zake ananiuliza swali la mtafiti, namfungia mlango.

Jana usiku ndipo masomo ya chuo yakanirudia. Streptomaisini, dawa ya kwanza kuiweza TB, ilipatikana Marekani mwaka 1943 kutoka kwa bakteria wa udongo wa kawaida. Rifampisini, hiyo hiyo inayombadilisha mkojo, asili yake ni bakteria wa udongo uliochotwa mwaka 1957 kwenye msitu wa misonobari kusini mwa Ufaransa. Kina hakikuwa na kazi hapo! Watu wanashuka baharini kwa kuwa udongo wa nchi kavu umepekuliwa mno, dawa zilezile zinajitokeza tena na tena. Wanatafuta viumbe wasiojulikana. Basi tope la ziwa nalo linafaa kuchotwa. Aliuliza vizuri kabisa.

Nikafurahi hadi usingizi ukakata. Furaha nyingine ni slaidi yake, kile kioo chenye makohozi ninachokitazama kwa darubini. Mara ya kwanza vijiti vyekundu, ndivyo vijidudu vya TB vikitiwa rangi, vilijaa kama omena kwenye turubai. Safari hii nimepitia kila pembe, bluu tupu, sijaona kijiti hata kimoja. Jumatatu nitampa majibu yote mawili, kisha nimsihi asiache ile miezi minne iliyobaki.

Jikoni kunanuka gesi tena. Nimefunga mtungi na kufungua madirisha, mbu wanaingia. Fundi aliapa mpira ni mzima, na watoto wamelala chumba cha pili.