Mama alipopanda ngazi za Murnau

Juzi nakaanga vitunguu, binti yangu akasimama mbele ya friji akaninyooshea kidole kadi ya posta niliyoibandika mlangoni. "Mama, huyu farasi mbona wa bluu? Anaumwa?"

Nikamwambia haumwi. Aliyemchora, Franz Marc, mwaka 1911, aliiona bluu kuwa rangi ya roho, manjano rangi ya upole na furaha, nyekundu rangi ya vitu vizito vya dunia. Alisikiliza kidogo, akakimbilia kalamu zake. Mimi nikabaki na mwiko mkononi nikimwaza bibi yake, na ile siku niliyompeleka mji mdogo wa Murnau kuona nyumba ya mchoraji Gabriele Münter.

Mama alikuja Munich nilipojifungua, akakaa nasi mpaka joto likaanza kuondoka. Siku hiyo mtoto tulimwachia baba yake. Treni kama saa moja kuelekea kusini, milima inakaribia dirishani, mama amejitanda leso juu ya koti na tasbihi i mkononi. Nilitaka aone kitu ninachokipenda huku ugenini. Maduka alikwishayaona, na hayakumshangaza.

Nyumba yenyewe ni ndogo, juu ya kilima, na bustani ya maua mbele. Gabriele Münter aliinunua mwaka 1909, akawa anakaa humo majira ya joto na Wassily Kandinsky. Watu wa pale waliiita nyumba ya Warusi kwa sababu ya huyo bwana, aliyeacha kazi ya sheria Moscow akiwa na miaka 30 ili ajifunze uchoraji Munich. Münter alikuwa mwanafunzi wake. Chuo cha sanaa cha Munich zama hizo hakikupokea wanawake, kwa hiyo alitafuta shule za watu binafsi, na ndivyo walivyokutana mwaka 1902. Franz Marc na August Macke walikuwa wakifika kwenye nyumba hiyo. Humo kulipikwa mawazo ya kundi la Der Blaue Reiter, yaani Mpanda Farasi wa Bluu, lililofanya maonyesho yake ya kwanza Munich mwezi Desemba 1911. Hao ndio waliosema rangi haina deni la kufanana na kitu, na Kandinsky akaendelea mpaka vitu vyenyewe vikatoweka kwenye picha zake.

Hayo nilimsimulia mama njiani, naye akaitikia "enhe, enhe" kwa adabu. Kilichomwamsha ni ngazi.

Ni ngazi za mbao, nyembamba, za kupandia ghorofani. Ubavuni mwake Kandinsky alichora kwa mkono wake maua na wapanda farasi, wanafuatana na ngazi hatua kwa hatua. Mama alisimama kwenye kidato cha kwanza. Akainama, akaupeleka mkono karibu kabisa na mpanda farasi mmoja, bila kumgusa, akaupandisha pole pole kumfuata wa pili, na wa tatu, kama anavyopima kitambaa dukani. Mzee aliyekuwa analinda alimtazama, kisha akageuza uso akamwachia nafasi. Nyuma yetu kulikuwa na watu wanasubiri kupanda. Mama hakuwajali.

"Kayachora haya kwa ajili ya nani?" akaniuliza.

"Kwa ajili ya nyumba, mama. Hata makabati waliyapaka wenyewe."

"Nyumba ya mwanamke?"

"Ya mwanamke."

"Na yeye bwana akaenda wapi?"

Basi ikabidi nimwambie yote palepale kwenye ngazi, kwa sauti ya chini. Vita vilipozuka mwaka 1914 Kandinsky alikuwa raia wa nchi adui, akalazimika kuondoka Ujerumani. Macke aliuawa vitani mwaka huohuo, Marc mwaka 1916 karibu na Verdun. Münter alikwenda kumngoja Kandinsky Sweden, wakaonana Stockholm, Kandinsky akarudi zake Urusi kwa ahadi, na mwaka 1917 akaoa mwingine Moscow. Hawakuonana tena. Miaka ya 1920 waligombania picha kupitia wanasheria: nyingine Münter alimrudishia, nyingi zikabaki kwake.

"Akazichoma?"

"Hakuzichoma." Nikamwelekeza chini, sakafuni. Wanazi walipotawala, mwaka 1937 walifanya maonyesho Munich ya kuzitukana picha za namna hiyo, wakaziita sanaa iliyooza, na kazi za Kandinsky na Marc zilitundikwa humo ili watu wazicheke. Muda wote huo Münter alikuwa amezificha zile zilizobaki kwake kwenye chumba cha chini cha nyumba ile tuliyosimama. Zilikaa humo mpaka Vita vya Pili vya Dunia vikaisha. Mwaka 1957, alipotimiza miaka 80, aliupa mji wa Munich zaidi ya kazi 1,000, za Kandinsky, za wenzao na zake mwenyewe, bure.

Mama alinyamaza. Nilitegemea aseme maskini, au aseme huyo kweli alipenda. Alikaa kwenye kidato, na watu nao wakarudi nyuma, akasema, "Na zake yeye? Wewe mwanangu saa nzima unanieleza za wanaume."

Sikuwa na jibu zaidi ya kumwambia zipo, tutakwenda kuziona.

Tulikwenda Lenbachhaus, jumba la makumbusho la Munich lenye picha hizo, wiki iliyofuata. Alipita mbele ya Farasi wa Bluu, akapita mbele ya Kandinsky, ile treni nyeusi inayokatiza Murnau aliyoichora mwaka 1909, akasema nzuri. Alisimama kwa Münter, mbele ya picha ya rafiki yake Marianne von Werefkin, ya mwaka huohuo wa 1909. Kofia kubwa yenye maua, mtandio wa zambarau, na nyuma yake manjano matupu. Mistari ya nje ni mizito, na rangi zimelazwa bapa. Namna hiyo Münter aliikuza kwa kuangalia picha ambazo mafundi wa vijijini huko walizichora nyuma ya vioo. Mama, aliyeuza leso sokoni Tanga tangu mimi mdogo, alikaribia, akarudi nyuma, akakaribia tena. "Huyu anazijua rangi," akasema. "Zambarau juu ya manjano si kila mtu anaithubutu."

Nimelifikiria swali lake miaka yote hii. Kisa cha chumba cha chini ndicho kilichonifanya nimpende Münter, na bila kisa hicho huenda nisingepanda treni kwenda kwake. Lakini kila nikikisimulia naona anageuka mtunza stoo wa mtu mwingine, na picha zake zinasubiri nyuma. Wageni wakija sasa nawapeleka kwanza kwa Werefkin, nawaacha waangalie. Halafu lazima atokee mmoja wa kuuliza kama aliyeichora ndiye yule aliyeachwa na Kandinsky, nami najikuta nimeanza tena kuhadithia vita, Stockholm na wanasheria.