Jinsi Nilivyowafanya Washambuliaji Wetu Wakabe kwa Pamoja

Katika timu ya mpira wa magongo ninayoifunza hapa Kisumu, kila washambuliaji walipopoteza mpira, mabeki wa wapinzani waliupitisha katikati ya uwanja bila kusumbuliwa, nasi tukaishia kuwapa kona fupi, yaani pigo la adhabu linalopigwa kutoka mstari wa nyuma karibu na goli letu. Wengi walidai kwamba winga wetu wa kushoto ni mvivu. Sikukubaliana nao: alikimbia sana, ila alikimbia peke yake.

Dawa ilikuwa mpangilio. Mshambuliaji wa kati sasa haurukii mpira, bali husimama akiziba njia ya kati. Winga aliye karibu humsogelea mwenye mpira kwa mshazari na kumsukuma kuelekea mstari wa pembeni, huku winga wa mbali akiingia ndani kumlinda kiungo wao. Nilisisitiza pia upande wa kukabia, kwa sababu mchezaji hubeba mpira kuliani mwake, na anayemvamia kutoka kushoto hugusa mwili kabla ya mpira, kosa ambalo mwamuzi hasiti kulipulizia filimbi.

Jambo lililoleta tofauti kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kuwabadilisha watatu hao kwa pamoja. Kanuni haziwekei kikomo idadi ya mabadiliko, na kila robo ina dakika 15, kwa hiyo kundi zima hutoka likiwa limechoka na jingine lililozoeana huingia. Tangu hapo wapinzani hulazimika kupiga mipira mirefu, ambayo mabeki wetu huinasa kwa urahisi.