Plasta kwenye bega la farasi: nilivyohangaika mpaka ikashika

Mguu wa farasi kuufunga sio shida ukishazoea, unazungushia pamba, unazungushia bandeji, kwisha habari. Sasa bega utalizungushia nini? Au paja, au pale juu shingo inapokutana na mgongo? Hapo ndo utajua hujui, na mi nilijua kwa siku nne mfululizo.

Jike wangu alijichana na msumari mbele ya bega, karibu na kifua, mchano wa urefu wa kidole hivi. Daktari wa mifugo akaja akapima pima akahakikisha hakijafika kwenye kiungo, akamchoma sindano ya pepopunda maana farasi huo ugonjwa unamkamata vibaya sana, halafu akasema hashoni, kidonda kimelala usiku kucha kimechafuka, tuoshe tufunike nyama mpya ijae yenyewe. Akaniambia pia vidonda vya mwilini vinajivuta na kufunga vizuri kuliko vya chini ya goti, kwa hiyo adui wangu hasa ni nzi na vumbi. Nikasema hiyo tu? Rahisi.

Nikatafuta tepu yenye gundi kali kuliko zote, roli tatu. Hesabu yangu ilikuwa kwamba plasta ikibanduka basi gundi ni ndogo. Nikabandika. Baada ya masaa mawili naikuta inaning'inia. Nikabandika nyingine juu yake, asubuhi iko kwenye nyasi za kulalia na jike ananiangalia kama vile mi ndo nimeidondosha.

Siku ya tatu nikavuta ndoo nikakaa nikamwangalia tu. Nzi akitua, farasi hasogei, anatikisa ngozi, kuna msuli mwembamba chini ya ngozi unafanya hiyo kazi, na pale begani ndo unatikisika kwelikweli. Akipiga hatua ngozi inavutika, akirudisha mguu inakunjamana. Na tepu yangu ilikuwa ngumu kama karatasi, haivutiki hata kidogo, sasa itakaaje? Halafu nilikuwa nimebandika juu ya manyoya yenye mafuta na vumbi, yaani gundi imeshika manyoya, ngozi haijaiona. Na dawa ya kupaka nilikuwa naisambaza mpaka pembeni kwa roho safi kabisa. Kila kosa nililifanya mwenyewe.

Nikaanza upya. Kidonda nikakifunika kwanza na shashi mbichi ili manyoya yasiingie, nikanyoa kuzunguka kama sentimita 5 kila upande. Nikaosha na maji ya chumvi ya asilimia 0.9, nikakausha, ngozi ya pembeni nikaifuta na spiriti (ya pembeni jamani, sio kidonda, utapigwa teke na utakuwa umestahili) nikasubiri ikauke kabisa. Dawa nikaweka katikati tu. Juu yake kitambaa kisichogandana na kidonda, juu yake kipande cha sponji cha kunyonya majimaji, halafu plasta ya kitambaa inayovutika, nimekata kona zote ziwe mviringo maana kona kali ndo inaanza kujikunja, ikishajikunja moja nyingine zinafuata.

Kubandika kwenyewe nilimwomba mtu aushike mguu wa mbele uende mbele kidogo ngozi inyooke, nikaanza katikati nikatoka nje, bila kuivuta plasta, maana ukiivuta yenyewe nayo inarudi na ngozi na hapo yanatoka malengelenge. Nikakandamiza na kiganja kama dakika nzima, ule ukandamizaji na joto la mkono vinaisaidia gundi kushika. Ikakaa siku nzima. Nilifurahi kama mtoto.

Ila baada ya siku kadhaa ngozi ikaanza kuwa nyekundu na vipele vidogo, gundi ilikuwa inamchosha. Nikahamia kwenye zile za sponji zenye ukingo wa silikoni, zinabanduka kwa upole haziondoki na ngozi. Tatizo lake majimaji yakifika ukingoni zinaachia, kwa hiyo mi naona siku za mwanzo kidonda kikiwa kinatoa sana tumia ya kitambaa na ubadilishe kila siku, kikianza kukauka ndo uweke silikoni, mimi yangu ilikaa mpaka siku tatu.

Kubandua ndo watu wanaharibu. Usinyofoe kama plasta ya kidole chako. Mafuta kidogo ukingoni, subiri, kisha fuata manyoya yanakolalia huku mkono mwingine umeshikilia ngozi. Ukimuumiza mara moja, mara ya pili akiona tu mkono unakuja anakukimbia.

Kwapani pale kwenye kiwiko kwa kweli sikuwahi kufanikiwa, jasho na msuguano vinashinda gundi yoyote. Dume langu lilipoumia paja daktari alishona vitanzi vya uzi kuzunguka kidonda akapitisha kamba kama ya kiatu, shashi inakaa chini unaibadilisha kwa kulegeza kamba tu, na nilitamani ningemwuliza mapema. Na kama kidonda kiko karibu na kiungo kikatoa majimaji ya njano yanayovutika kama ute wa yai, achana na plasta, mpigie daktari saa hiyohiyo.

Jike amepona, manyoya yameota, pale kwenye kovu yametoka meupe. Zile roli zenye gundi kali zilizobaki nimezungushia mpini wa fagio la bandani, na hapo nakiri zinashika.