Siku moja maishani mwangu: kutwa nzima na majangili wa karne ya 14

Saa 12 asubuhi. Chai ya rangi, mkate, na daftari la jana. Nasomea uzamivu hapa London, na utafiti wangu ni juu ya watu walioruka uzio wa makabaila wa Uingereza kwenda kuwinda kulungu. Kila ninayemwambia hudhani nawazungumzia maskini wenye njaa. Hao wapo, ila kwenye kumbukumbu za mahakama nakutana zaidi na watu walioshiba.

Saa 3:30. Nyaraka za Taifa, Kew, wanafungua. Koti na begi vinabaki kabatini. Kalamu ya wino hairuhusiwi, kwa hiyo naingia na penseli na kompyuta ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha kila kilichomo.

Saa 4:15. Bunda nililoagiza limefika: vipande virefu vya ngozi vilivyoshonwa pamoja upande wa juu, vizito kubeba. Upande uliokuwa na manyoya umepiga umanjano, wa pili ni mweupe zaidi. Makarani wa mahakama ya mfalme waliandika Kilatini cha kukatakata maneno. Herufi p iliyopigwa mstari mguuni husomeka "par" au "per", na ndiyo ninayoiwinda, maana "parcum", yaani hifadhi ya bwana, huanza nayo. Nikishaiona napunguza mwendo, nasoma neno kwa neno.

Malalamiko yanafanana mno. Fulani na wenzake, kwa nguvu na silaha, walivunja hifadhi ya fulani, wakawinda bila ruhusa, wakaondoka na wanyama. Hayo ya "nguvu na silaha" nayasoma kwa tahadhari, kwa kuwa bila maneno hayo ilikuwa vigumu kesi kupokelewa mahakama ya mfalme. Huenda mtu aliingia na mbwa wawili tu.

Hifadhi yenyewe ilikuwa tuta la udongo lenye uzio wa mbao juu yake, na mtaro kwa ndani ili kulungu asiweze kuruka kutoka. Wanahistoria wanakadiria kwamba kufikia 1300 zilikuwepo kama 3,000. Nyama ile haikuwa ya kupeleka sokoni. Bwana aliila na wageni wake, au alimzawadia amtakaye. Aliyemchukulia kulungu alimvunjia heshima mbele ya majirani, na hapo ndipo penye kiini cha ugomvi wote.

Saa 7 mchana. Nakula nje, nampigia mjomba. Alikuwa askari wa wanyamapori Selous mpaka alipostaafu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Haya, hao majangili wako waliwinda kwa njaa au kwa biashara?"

Nikamwambia wengi ni kukomoana: mabwana wadogo, watumishi wao, hata mapadri, wanakwenda kundi zima na pinde na mbwa kwenye hifadhi ya mtu wanayegombana naye. Nikamsimulia kisa cha 1272 huko Rockingham, msitu uliokuwa mali ya mfalme. Wawindaji walikata kichwa cha kulungu dume, wakakitundika kwenye mti uliochomekwa katikati ya uwazi, wakampachika pia mdomoni kijiti cha kusokotea uzi, mdomo wazi kuelekea jua. Kumbukumbu inasema wazi kuwa ilikuwa dharau kwa mfalme na walinzi wake.

"Huyo hana njaa," akasema mjomba. "Huyo anatukana."

Kisha nikamtajia sheria ya 1293: mlinzi akipiga yowe, mvamizi akakataa kujisalimisha akauawa, mlinzi hashtakiwi. Mjomba akauliza papo hapo: na kama mlinzi ana kisasi naye? Sheria ililiona hilo. Iliagiza kwamba mtu akiuawa kwa chuki ya zamani na kusingiziwa uvamizi, kifo kichunguzwe. Aliridhika kidogo, si sana.

Saa 8:30. Adhabu. Mkataba wa Misitu wa 1217 ulikataza kumuua mtu au kumkata kiungo kwa ajili ya mnyama wa mfalme. Badala yake faini, na asiye na kitu jela mwaka mmoja na siku moja. Kwa hifadhi za mabwana, sheria ya 1275 iliweka fidia, jela miaka 3 na faini, kisha wadhamini. Aliyekosa wadhamini aliapa kuihama nchi. Mwenye ndugu wenye mali alitoka, asiye nao akawa mkimbizi. Jambo hili linanikera kila nikilisoma.

Saa 11 jioni wanafunga. Treni imejaa.

Saa 2 usiku. Naandika sura ya 1381, mwaka wa uasi wa wakulima. Mwandishi wa matukio Henry Knighton anasema Wat Tyler, kiongozi wa waasi, alidai maji, misitu na hifadhi ziwe za wote, tajiri na maskini wawinde sawa. Mjini St Albans, waasi walimkamata sungura mzima wakamfunga kwenye nguzo ya adhabu ya mji, alama kwamba haki ya kuwinda waliyonyimwa na abasia, yaani nyumba ya watawa iliyoutawala mji, sasa ni yao. Uasi ulizimwa. Mwaka 1390 ikapitishwa sheria kwamba asiye na ardhi ya kuingiza shilingi 40 kwa mwaka asifuge mbwa wa kuwindia wala asitumie nyavu, akikaidi jela mwaka mmoja. Sababu iliyotajwa ni kwamba mafundi na vibarua walikwenda kuwinda siku za ibada na kupanga njama hukohuko.

Makabaila waliendelea kuvunjiana uzio. Kesho nimeagiza majalada ya baada ya 1390, nione ni nani hasa alifungwa kwa kukutwa na mbwa tu.