Kisukari, sonona na triptofani

Mtu mwenye kisukari ana uwezekano wa karibu mara mbili wa kupatwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na unyonge wa muda mrefu, akilinganishwa na asiye nacho. Kwa kawaida tunaambiwa kwamba mgonjwa huchoshwa na dawa, vipimo na masharti ya chakula. Hilo ni kweli, lakini halitoshi, kwa sababu insulini yenyewe, homoni inayoshusha sukari katika damu, ina mkono katika kile kinachoufikia ubongo.

Ubongo hutengeneza serotonini, kemikali inayohusika na hisia na usingizi, kutokana na triptofani, asidi amino (kijenzi cha protini) ambayo mwili hauwezi kujiundia na ambayo hatuna budi kuipata katika chakula. Triptofani huingia ubongoni kwa mlango uleule unaotumiwa na asidi amino nyingine kubwa, zikiwemo lusini, isolusini na valini, na zote hugombania nafasi kama abiria wa jioni pale steji ya matatu ya Kondele, Kisumu. Insulini inapopanda baada ya mlo wenye wanga, huzielekeza hizo tatu kwenye misuli, nayo triptofani ikabaki na wapinzani wachache. John Fernstrom na Richard Wurtman walilionyesha jambo hili kwa panya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Insulini inapopungua, au mwili usipoiitikia ipasavyo, lusini na wenzake husalia kwa wingi katika damu, nayo triptofani hukosa nafasi. Kwa binadamu uhusiano huo na sonona si wa moja kwa moja kiasi hicho, maana zipo njia nyingine. Mchochota (mwako wa ndani wa mwili unaojikinga) wa muda mrefu, kwa mfano, huigeuza triptofani kuwa kemikali nyingine, kinurenini, kabla haijatumika kutengeneza serotonini.

Shangazi yangu hapa Kisumu, aliyekwisha kuwa na kisukari kwa miaka, aliniuliza kama kula omena (dagaa) kwa wingi kungemwondolea unyonge. Omena ina triptofani, naam, lakini ina wapinzani wake kwa wingi zaidi, kwa hiyo mlo wa protini nyingi hauongezi sehemu ya triptofani inayoingia ubongoni, na huenda hata ukaipunguza. Ugali mtupu nao ungepandisha sukari, na isitoshe protini ya mahindi ina lusini nyingi na triptofani haba. Nyoyo, yaani mahindi yaliyopikwa pamoja na maharagwe, ni afadhali, kwa kuwa maharagwe huziba pengo la mahindi na sukari hupanda polepole, ingawa sitaiita tiba ya sonona.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni mkebe wa unga wa asidi amino ambao mchuuzi mmoja alikuwa amemshawishi anunue. Figo zilizokwisha kuumizwa na sukari hazihitaji mzigo wa protini ya ziada, na mtu anayetumia dawa za sonona kama fluoksetini akiongeza triptofani anaweza kupandisha serotonini hadi kiwango cha hatari. (Mchuuzi, bila shaka, hakuuliza habari za figo.)

Nilimsihi, badala ya kununua mkebe huo, amweleze daktari mambo mawili. La kwanza ni usingizi uliopotea na kutopendezwa tena na shughuli za kanisani, kwa sababu uchovu na kukonda peke yake vitadhaniwa kuwa ni sukari tu. La pili ni kwamba ametumia metformini kwa miaka mingi, dawa ya kisukari inayoweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo nao huleta unyonge wa moyo na ganzi miguuni. Kwa hiyo damu yake ipimwe.