Geti langu, mgao na uchumi wa nchi

Mwishoni mwa 2023 mgao wa umeme ulivyopamba moto nilikuwa nishampa fundi wa kuchomelea hapa mtaani advansi ya geti. Kila nikipita nakuta vyuma vimelala chini vimekatwa nusu, grinda juu yake, vijana wake wawili wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Jenereta analo, ila akaniambia kaka nikiliwasha hili faida yote inaishia kwenye petroli, bora tusubiri. Umeme unarudi saa sita usiku ndo wanaanza kazi! Geti la wiki moja likachukua wiki tano.

Toka hapo nikisikia pato la taifa naiona ile grinda. Maana pato lenyewe ni mageti, unga uliosagwa, mashati yaliyoshonwa, na kila kimoja kimekula uniti zake. Marekani ukigawa umeme wote wa nchi, viwanda na maofisi humo humo, kila mtu anapata zaidi ya uniti 12,000 kwa mwaka, Mtanzania hafikishi hata 300.

Na sio kwamba nishati hatutumii, tunatumia sana tu, ila sehemu kubwa ni kuni na mkaa. Kwenye mafiga matatu joto jingi linapotelea hewani, kinachofika kwenye sufuria ni kidogo mno, kwahiyo msitu unaisha, mama macho yanamuwasha kwa moshi, na kilichozalishwa ni chungu kimoja cha maharage. Hii inaniuma kuliko hata mgao.

Kuna wanaosema mbona Uingereza tangu katikati ya miaka ya 2000 nishati wanatumia pungufu na uchumi unakua, hadi kituo chao cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe wakakifunga Septemba 30, 2024. Ni kweli, mashine zao zimekuwa nzuri na taa hazili umeme kama zamani. Lakini hao walishachoma makaa zaidi ya miaka 100 wakajenga kwanza, na vitu vingi wanavyonunua leo vinatengenezwa China, moto unawaka kule bidhaa inakuja kwao. Kumwambia fundi wangu apunguze matumizi kwa mfano huo ni kumuonea.

Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere, lile la kufua umeme kwa maji, uliwashwa Februari 2024, mitambo yote iko 9, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115, na kwa fundi tofauti nimeiona mwenyewe, ameongeza kijana wa tatu na mashine inalia toka asubuhi. Shida imebaki jioni, transfoma ya mtaa inazidiwa watu wakirudi makwao, umeme unakuwa mdogo, kijiti cha kuchomelea kinanata kwenye chuma badala ya kuyeyuka. Ikifika saa moja anafunga, na bwawa limejaa maji.