Kumbukumbu ya mradi: kitufe cha besi kwenye Toyota IST yangu

Jumamosi ya kwanza

Sabufa, spika ya besi, ya inchi 12 iko kwenye buti tangu mwezi uliopita, na amplifaya yake ya wati 500 nimeifunga nyuma ya kiti. Kile kitufe kidogo cha kuzungusha kilichokuja kwenye katoni nilikitupa kwenye droo nikidhani ni pambo.

Kilichonirudisha kwenye droo ni kilio cha msiba. Wiki jana, huko Katuba, hapa Lubumbashi, nilikata kona nikakuta matawi yamelazwa njiani, alama ya msiba, na watu wamekaa chini ya turubai, na mimi natetemesha vioo. Kwenye redio yangu besi imefichwa ndani kabisa ya menyu. Mpaka nimeipata, wazee walikuwa wamenitazama vya kutosha. Kuzima redio nzima ningeweza, ndiyo, lakini mkono ukishapagawa hauna akili.

Gari langu lina usukani kulia, kama mengi yanayotufikia Lubumbashi kupitia Dar es Salaam na Kasumbalesa. Waya mnene wa betri ulikuwa umeshapita kushoto, basi wa kitufe nikaupitisha kulia, chini ya zulia, pamoja na waya za RCA, zile zinazobeba sauti kutoka redio hadi amplifaya. Zikilala kando ya ule wa betri zinaweza kuokota mlio wa alteneta, ule unaopanda kila ukikanyaga mafuta. Kitufe nimekifunga chini ya dashibodi, karibu na goti. Skrubu mbili, basi.

Jumapili

Nimezungusha kitufe hadi mwisho kwenye barabara ya Kasenga. Raha! Dakika kumi hivi, kisha harufu. Gundi ya koili, ule waya uliozungushwa ndani ya sabufa, ikianza kuungua, ukiinusa mara moja huisahau.

Kosa ni langu. Nilipanga geini, yaani kiasi ambacho amplifaya inakuza sauti, kitufe kikiwa katikati, nikaona sauti imetosha. Kumbe kitufe hiki hakiongezi kitu; kinapunguza tu, na kikifika mwisho kinaacha kupunguza. Kwa hiyo nilipokifungua chote, amplifaya ikadaiwa nguvu ambayo haina. Mawimbi yakakatwa vichwa, na koili ikala joto.

Jioni nimeanza upya. Sabufa nimeichomoa, kitufe hadi mwisho, besi ya ziada kwenye amplifaya sifuri, redio kwenye robo tatu ya sauti yake, mlio mmoja wa Hz 50 (mitetemo 50 kwa sekunde), na multimita ya kupima volti kwenye waya za kutokea za amplifaya. Hesabu ya volti za kutozidi: wati mara omu (ukinzani wa koili), kisha kipeuo cha pili. Koili zangu mbili za omu 4 zimeungwa sambamba, zinatoa omu 2. 500 mara 2 ni 1000, kipeuo chake volti 31.6. Kwa mpango wangu wa zamani multimita ilionyesha 43! Nimeteremsha geini hadi 29 nikaachia hapo. Sina pesa ya sabufa ya pili.

Kabla ya kufunga vyombo nilitaka kujua kitufe changu ni cha aina gani, maana vingine vinainua sehemu moja tu ya besi, mara nyingi kwenye Hz 45. Nimepiga mlio wa Hz 45, kisha wa 70, nikizungusha. Volti zilishuka kwa kiasi kilekile kwenye milio yote miwili. Basi changu ni cha kupunguza besi yote, na ndicho nilichotaka.

Jumamosi ya pili

Reli ya kiti imekata waya. Niliupitisha vibaya, sina wa kumlaumu. Waya wenyewe ni kama wa simu ya mezani, nyuzi nne na plagi ndogo, nikanunua mwingine soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi. Nimechomeka: kitaa cha kitufe hakiwaki, besi haitii.

Kijana wa jirani anayefunga intaneti alizishika plagi mbili za waya mpya ubavu kwa ubavu, akacheka. "Yaya, tazama rangi." (Yaya kwetu ni kaka mkubwa.) Kwenye waya wa zamani zilipangana sawa ncha zote mbili, kwenye huu ncha moja imegeuzwa. Alikata ncha hiyo, akaipanga upya na kuibana kwa koleo lake. Dakika tano. Alikataa pesa, akataka tu asikie wimbo mmoja.

Jumanne

Nimepita tena Katuba, matawi mengine, mtaa mwingine. Kidole kimoja, besi imekwisha, redio inanong'ona. Hakuna aliyegeuka.

Kinachonisumbua sasa ni vumbi jekundu la kiangazi. Kitufe kimeanza kukwaruza ninapokizungusha, nami nimekivika soksi ya mtoto usiku gari likilala nje. Mama watoto bado anaitafuta soksi ya pili.